Kuunganisha seli kwenye spredishiti ya mtandaoni bila kupoteza data, mwongozo kamili

Kabla hujabonyeza chochote naomba hili likae kichwani: kuunganisha seli kunaunganisha nafasi, hakuunganishi maandishi. Wengi wanashika seli mbili, moja ina jina la kwanza na ya pili ina jina la ukoo, wanabonyeza Merge wakitegemea kupata jina kamili, wanachopata ni jina la kwanza peke yake limekaa kwenye seli pana na lile la ukoo halipo tena. Mi yalinikuta kwenye orodha ya watu zaidi ya mia, niliunganisha kolamu mbili mstari kwa mstari, onyo likatokea nikabonyeza OK bila kusoma, nikaendelea na kazi nyingine na faili likajisevu lenyewe kama kawaida ya vitu vya mtandaoni. Nimegundua kesho yake asubuhi majina ya ukoo yote hayapo. Niliyarudisha, na namna ya kuyarudisha ipo huko mwisho, ila toka siku hiyo nikimfundisha mtu naanzia hapa.

Kwa hiyo jiulize kwanza unataka nini. Unataka kichwa cha habari kikae juu ya kolamu tano, kipendeze? Hapo unaunganisha seli. Unataka maneno ya seli mbili yawe sentensi moja? Hiyo ni kazi ya fomula, nayo nimeiweka humu.

Kwenye Google Sheets, kwa kompyuta

1. Shika seli unazotaka. Bonyeza ya kwanza, buruta mpaka ya mwisho, au bonyeza ya kwanza alafu shikilia Shift ubonyeze ya mwisho. Lazima ziwe zimepakana na zifanye umbo la mstatili.

2. Angalia kama zaidi ya seli moja ina kitu ndani. Usipite hapa haraka. Kitakachobaki ni cha ile seli ya juu kabisa kushoto tu, vingine vyote vinafutwa. Kama kuna kitu unakihitaji kikopi kwanza ukiweke pembeni.

3. Nenda menyu ya Format, shuka mpaka Merge cells, chagua aina unayotaka. Au kwenye ule mstari wa ikoni juu tafuta ikoni yenye mishale miwili inayotazamana, ukibonyeza yenyewe inaunganisha zote, ukibonyeza kimshale kidogo cha pembeni yake inakuonyesha aina zote.

4. Onyo likitokea, lisome. Linakwambia thamani ya juu kushoto ndo itabaki.

5. Weka maandishi katikati mwenyewe, manake Google Sheets haikuwekei. Ctrl+Shift+E inapeleka katikati kwa upana, na kwa urefu kuna ikoni yake ya mpangilio wa wima hapo hapo juu.

Ukisahau njia ya menyu, Alt+/ inafungua sehemu ya kutafuta, kwa Mac ni Option+/, andika merge yatakuja yenyewe. Mi naitumia hii kuliko kukumbuka menyu.

Sasa hizo aina. Zipo tatu na watu wanazichanganya, ngoja nikuonyeshe kwa seli sita tu, A1 mpaka C2, yaani mistari miwili na kolamu tatu. Ukichagua Merge all, sita zinakuwa seli moja kubwa na kinachobaki ni cha A1. Ukichagua Merge horizontally, kila mstari unaungana peke yake, unabaki na seli mbili pana moja juu ya nyingine, na kilichobaki ni cha A1 na cha A2. Ukichagua Merge vertically, kila kolamu inaungana yenyewe kwenda chini, unapata seli tatu ndefu zenye vitu vya A1, B1 na C1. Ile ya Merge horizontally inafaa sana ukiwa na fomu ya kujaza ambayo kila swali linahitaji nafasi pana ya jibu, mistari hata ishirini unaishika yote mara moja, badala ya kurudia mmoja mmoja.

Kutengua ni njia ile ile, Format, Merge cells, Unmerge. Seli zinarudi idadi yake ya mwanzo lakini vilivyofutwa havirudi. Kutengua sio kurudisha nyuma. Kurudisha nyuma ni Ctrl+Z, na inafanya kazi kama hujafunga ukurasa.

Kwenye Excel ya mtandaoni

Hapa ni Home alafu Merge & Center. Dirisha lako likiwa dogo ikoni inaweza kujificha kwenye vile vidoti vitatu vya pembeni, usidhani haipo. Tofauti na Google Sheets, hii inakupelekea maandishi katikati yenyewe. Ukifungua kimshale utaona Merge Across, ambayo ndo ile ya mstari kwa mstari, Merge Cells ambayo inaunganisha bila kupeleka katikati, na Unmerge Cells ya kutengua. Sheria ya juu kushoto ni ile ile.

Kama ikoni imefifia haibonyezeki, mara nyingi ni moja kati ya haya: eneo hilo ulishaligeuza kuwa Table, yaani jedwali rasmi la Excel, na Table za Excel hazikubali kabisa seli zilizounganishwa, au shiti imefungwa isibadilishwe, au faili umepewa ruhusa ya kutazama tu. Kwa Google Sheets ongeza na hili, umeshika seli moja tu badala ya mbili.

Kwenye simu

Kwenye app ya Google Sheets gusa seli ya kwanza, utaona vidoti vya buluu kwenye pembe, buruta kidoti mpaka ufunike seli unazotaka, alafu gusa ile ikoni ya A yenye vimistari, nenda upande wa Cell, washa Merge cells. Simu inakuwezesha kuunganisha ila kwa kazi yenye data nyingi nakushauri subiri kompyuta, manake kidole kinashika seli moja zaidi bila we kujua, na skrini ndogo haikuonyeshi kilichopotea.

Kuunganisha maandishi yenyewe

Tuseme kolamu A ina jina la kwanza, B la kati, C la ukoo, na watu wengine hawajaandika jina la kati. Nenda kwenye kolamu tupu, mfano D2, andika:

=A2&" "&B2&" "&C2

Alama ya & inagundisha, na ile nafasi ndani ya alama za kunukuu ndo inayotenganisha maneno, ukiisahau unapata majina yameshikana. Tatizo la hii fomula ni yule asiye na jina la kati, anapata nafasi mbili katikati, na nafasi mbili haionekani kwa macho lakini ukija kutafuta jina hilo baadae halipatikani. Kwa hiyo mi natumia hii:

=TEXTJOIN(" ",TRUE,A2:C2)

Hiyo TRUE inamaanisha ruka seli tupu. Ipo Google Sheets na ipo Excel ya mtandaoni. Ukibandika fomula ikakataa kabla hata haijafanya chochote, jaribu kubadilisha koma iwe nukta mkato, yaani =TEXTJOIN(" ";TRUE;A2:C2), kwa sababu mipangilio ya nchi ya faili ndo inayoamua alama gani inatenganisha vipande vya fomula. Kwa Google Sheets utaiona kwenye File alafu Settings, pale palipoandikwa Locale.

Shika kile kidoti cha pembe ya chini kulia ya D2, buruta mpaka mstari wa mwisho.

Alafu ifuate hatua ambayo wengi wanairuka. D bado ni fomula, inaishi kwa kuitegemea A, B na C, ukifuta kolamu hizo D yote inageuka #REF!, yaani kosa la fomula iliyopoteza seli inazozitegemea. Shika D yote, Ctrl+C, alafu hapo hapo juu yake Ctrl+Shift+V, hiyo inapesti thamani peke yake bila fomula. Bonyeza seli moja uhakikishe kule juu kwenye mstari wa fomula unaona jina na sio alama ya =, ukiona jina, sasa futa kolamu za zamani kwa amani.

Tarehe zina shida yake. Ukigundisha tarehe na maneno kwa & kwenye Excel, unaweza kushangaa inatoka namba kama 45292, sababu ndani ya spredishiti tarehe ni hesabu ya siku, na hiyo namba ndo 1 Januari 2024. Ivalishe kwanza sura ya tarehe kwa TEXT: =A2&" "&TEXT(B2,"dd/mm/yyyy"). Na ukitaka kitu cha pili kishuke mstari wa chini ndani ya seli hiyo hiyo weka CHAR(10) badala ya nafasi, alafu washa kukunja maandishi, yaani Wrap, bila hivo kwenye Excel hautaona tofauti.

Pale ambapo kuunganisha kunaharibu kazi

Hapa ndo roho yangu ilipo, na ndo sababu nimekaa kuandika yote haya. Kuunganisha seli kwenye kichwa cha habari hakuna shida. Kuunganisha ndani ya data ni shida kila siku, na inamkuta mtu mwingine, yule atakayepokea faili lako.

Chukua mfano huu. Kolamu A ni mwezi, B ni idadi ya vitu vilivyotoka kila wiki. Januari ina wiki nne, mistari ya 2 mpaka 5, zimetoka 40, 25, 60 na 35. Februari inafuata mstari wa 6 mpaka 9. Mtu anaona neno Januari linajirudia mara nne, linamkera, anaunganisha A2 mpaka A5, neno moja linakaa katikati limependeza kweli kweli. Alafu anaandika fomula ya jumla ya Januari:

=SUMIF(A2:A9,"Januari",B2:B9)

Inatoka 40. Jumla ya kweli ni 160. Hakuna kosa lililoonyeshwa, hakuna rangi nyekundu, kuna namba tu imekaa pale inaonekana ya kawaida, na mtu ataipeleka kwenye ripoti. Imetokea hivo kwa sababu macho yako yanaona Januari imefunika mistari minne lakini programu inajua iko A2 peke yake, A3, A4 na A5 kwake ni tupu. VLOOKUP, ile fomula ya kutafuta kitu kwenye jedwali, hivyo hivyo, pivot, lile jedwali la muhtasari, hivyo hivyo, na ukitoa faili kwenda CSV, yaani faili la maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa koma, utaona neno mara moja na chini yake matundu.

Kupanga nako kunakataa. Google Sheets ukitaka kupanga au kuweka filta kwenye eneo lenye seli zilizoungana kwenda chini inakugomea wazi wazi. Excel inakwambia seli zilizounganishwa lazima ziwe na ukubwa sawa, ujumbe ambao mtu mpya haelewi hata uanzie wapi kuutatua.

Kuna na la kugandisha, yaani Freeze. Ukigandisha mstari wa kwanza ubaki juu unaposhuka, alafu ukajaribu kuunganisha seli ya mstari wa 1 na ya mstari wa 2, Google Sheets inakataa, haiwezi kuunganisha kilichoganda na kisichoganda. Kinyume chake pia, kama kichwa chako kimefunika kolamu A mpaka E, huwezi kugandisha kolamu A peke yake, mpaka kichwa kitenguliwe au ugandishe zote tano.

Kupendeza bila kuunganisha

Kwa kichwa cha habari, wakati mwingine huhitaji kuunganisha kabisa. Andika maneno kwenye seli ya katikati, peleka katikati, hakikisha za pembeni ni tupu na Wrap iko kwenye Overflow, maneno yatafurika pande zote mbili yenyewe. Kwa Excel ya kwenye kompyuta kuna kitu kizuri zaidi, shika seli, Ctrl+1, nenda Alignment, kwenye Horizontal chagua Center Across Selection. Inaonekana kama imeunganishwa lakini kila seli iko peke yake. Nasikitika watu wengi hawaijui.

Kwa yale maneno yanayojirudia kama Januari, acha yajirudie, alafu yafifishe. Kwenye Google Sheets shika A2 mpaka mwisho wa data, nenda Format, Conditional formatting, kwenye masharti chagua Custom formula is, andika:

=$A2=$A1

alafu chagua rangi ya maandishi ya kijivu cha mbali. Neno la kwanza la kila kundi linabaki jeusi, yanayofuata yanafifia. Wengine wanaweka rangi nyeupe kabisa yasionekane, mi sikushauri, ukija kuweka filta mstari wa kwanza wa kundi ukijificha utabaki na mistari isiyo na jina. Kijivu kinasomeka bado.

Umepokea faili lililokwisha kuunganishwa

Kama unataka hesabu tu bila kugusa mpangilio wa mwenye faili, weka kolamu ya msaada. Kwa mfano wetu, C2:

=IF(A2="",C1,A2)

Buruta mpaka chini. Inasema kama A ni tupu chukua kilichopo juu yangu, kama sio tupu chukua cha A. Januari itajaa mistari yote minne bila kutengua chochote. Sasa =SUMIF(C2:C9,"Januari",B2:B9) inatoa 160.

Kama faili ni lako na unataka kulisafisha moja kwa moja, Ctrl+A alafu Unmerge itatengua kila kitu, vichwa vikiwemo, na matundu yatabaki. Kwenye Google Sheets kuna njia inayotengua na kujaza kwa pamoja. Tengeneza kwanza nakala ya faili, File alafu Make a copy. Kwenye hiyo nakala nenda Extensions, Apps Script, ambapo ndo pa kuandikia programu ndogo, futa kilichopo, bandika hiki:

function tenguaNaJaza() {
  var shiti = SpreadsheetApp.getActiveSheet();
  var maeneo = shiti.getDataRange().getMergedRanges();
  maeneo.forEach(function(eneo) {
    var kitu = eneo.getCell(1, 1).getValue();
    eneo.breakApart();
    eneo.setValue(kitu);
  });
}

Sevu, bonyeza Run, mara ya kwanza itakuomba ruhusa. Inapita kila eneo lililounganishwa, inachukua kilichopo seli ya kwanza, inatengua, inajaza seli zote. Angalizo moja, itajaza na vichwa vya habari, kichwa kilichofunika kolamu tano kitajiandika mara tano, hivo vya ziada vifute kwa mkono.

Data ikishapotea

Ukigundua muda huo huo, Ctrl+Z. Ukigundua kesho, kwenye Google Sheets nenda File, Version history, See version history, au Ctrl+Alt+Shift+H. Upande wa kulia utaona siku na saa za mabadiliko, bonyeza ya kabla hujaunganisha, hakikisha kwa macho kwamba data ipo.

Hapo kishawishi ni kubonyeza Restore, na kama uko peke yako kwenye faili bonyeza. Ila kama kuna wenzako wameingiza kazi zao baada ya hapo, toleo la sasa litatoweka mbele yao na kazi yao ya asubuhi nzima itaonekana imepotea, japo bado itakuwepo kwenye historia. Badala yake bonyeza vile vidoti vitatu pembeni ya hilo toleo la zamani, chagua Make a copy. Unapata faili la pili lenye data yote ya zamani. Rudi kwenye faili la sasa, tengua zile seli, kopi kolamu iliyopotea kutoka kwenye nakala, ipesti mahali pake.

Kabla hujapesti linganisha mistari mitatu, wa juu, wa katikati na wa mwisho. Kama mtu ameongeza mstari au amepanga upya, majina ya ukoo yatakaa kwa watu wasio wao, na hilo ni baya kuliko yasipokuwepo. Ukiona mpangilio umebadilika usipesti, leta ile shiti ya zamani ndani ya faili kwa Copy to, alafu tumia VLOOKUP kumtafuta kila mtu kwa kitu kisichojirudia, kama namba yake ya usajili, jina la kwanza halitoshi.